Kahuzi-Biega: twende kuona gorila ama tuache kwanza?

Dada yetu mmoja anaishi Ulaya tangu zamani, juzi aliandika mu grupu ya WhatsApp ya famili kama anataka kuja likizo Bukavu, huku mashariki ya Kongo, na watoto, waone gorila wa parke ya Kahuzi-Biega, wapande kanoti mpaka kisiwa cha Idjwi, wakule sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ya moto na bugali. Watu wakafurahi dakika tano hivi. Kisha mdogo wetu, ule anashughulika na mambo ya haki za watu, akaandika kama yeye hawezi kupeleka mtoto wake kupiga picha mahali Batwa, watu wa asili wa ile pori, walifukuzwa mu nyumba yao. Yaya, ndugu yetu mkubwa, akamjibu: bila watalii ile pori itaisha yote kuwa makala, ule mkaa wa kupikia, na gorila utawaonyesha watoto wako mu simu. Grupu ikawaka mpaka usiku. Mimi nilinyamaza, juu nilikuwa na mingi ya kusema na haingeenea mu meseji, njo naiandika hapa.

Kwa wasiofika, Tshivanga, mlango wa parke, haiko mbali, ni kilometa 30 hivi toka mjini. Unapita Mudaka, unafika Miti, unaacha barabara ya uwanja wa ndege wa Kavumu unapanda kushoto kati ya mashamba ya chai, baridi inaanza kukushika, ukungu uko chini, na pori linaanza pale chai inaishia, kama mtu aliikata na kisu. Ni kilometa 30 tu, lakini uliza hapa mjini, pale Kadutu ama Ibanda, watu kumi, nani amekwisha kuona gorila na macho yake. Wengi watakuambia wameona kwenye kalenda.

Miye nilienda mara moja, tukiwa wanafunzi, tulikodi basi ndogo na tulichanga franga miezi mingi. Mbele yetu alitembea pisteri mmoja, mtu wa kufuata nyayo za gorila, papa Mutwa mwembamba, na panga na buti za mpira kubwa kuliko miguu yake. Siye tulikuwa tunaanguka kila hatua, yeye hata hasikiki. Akagusa kinyesi na mgongo wa mkono, akasema wamepita asubuhi hii, na kweli, saa moja mbele tukakuta dume lenye mgongo mweupe limekaa kati ya mianzi linavunja machipukizi moja moja, linamenya na meno, linatupa maganda pembeni polepole kabisa, halina haraka na mtu, na karibu yake mtoto alikuwa anapanda juu ya tumbo la mama anateleza, anapanda tena. Tulikuwa na maski kwenye mdomo, juu mafua yetu inaweza kuwaua, na tulikuwa na saa moja tu. Sijaona kitu kama kile tena. Kwa hiyo wakisema kuona gorila ni mchezo wa matajiri, hapo siwezi kuitika, kuko kitu kinakuingia pale na hakitoki.

Lakini jambo lingine nalo halijanitoka. Wakati wa kurudi, ule papa alisimama kwenye mti mmoja, akamenya kipande cha ganda na ncha ya panga, akatunusisha, akasema hii mama zetu walikuwa wanachemushia watoto wenye minyoo. Mwenzetu mmoja akauliza kama anaweza kupeleka kidogo nyumbani. Papa akaitupa chini, akasema hapana, kutoka na kitu cha pori ni kosa, hata mimi hawaniachilii. Akaendelea kutembea. Alisema vile bila hasira, njo maana iliniuma zaidi.

Sasa tuangalie upande wa yaya kwanza, juu si wa kupuuza. Parke ilitangazwa mwaka 1970, Mbelgiji Adrien Deschryver njo aliisukuma, na mu ile miaka ya 70 Kahuzi ikawa kati ya mahali pa kwanza kabisa duniani ambako gorila walizoeshwa watu mpaka mgeni anaweza kukaa karibu nao bila kushambuliwa. UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1980. Hawa gorila wa kwetu ni wale wakubwa kuliko wote, aina inaitwa gorila wa Grauer, na hawako kwingine porini ila hapa mashariki ya Kongo. Mu sehemu ya milima, ile ya Tshivanga, walihesabiwa 245 mwaka 1996. Mwaka 2000 walibaki karibu 130. Na tembo wa ile milima karibu waliisha wote. Kwa eneo zima la mashariki, watafiti walisema mwaka 2016 kama kutoka karibu 17,000 kabla ya vita vya miaka ya 90 wamebaki 3,800 hivi, kisha mu 2021 hesabu nyingine ikapandisha kwa 6,800. Hata ukishika hii ya juu, ni kidogo sana.

Yaya anasema: unaona, wageni walipokatika, gorila wakauawa. Hapo anavuta hesabu zaidi ya inavyofika. Kilichowaua ni vita, ni silaha kila mahali, ni watu wenye njaa waliojificha porini na wachimbaji wa koltani, ule madini, waliokula nyama ya pori juu hakuna kitu kingine. Hata mtalii angetaka kuja angepita wapi? Ila kuko sehemu ya neno lake iliyo kweli: gade, mlinzi wa parke, anatembea juu kuko mshahara, na mshahara unatoka kwa wafadhili na kwa pesa ya mlangoni. Kibali cha mgeni cha kuona gorila kilikuwa karibu dola 400. Tuseme kundi la watu 8, ile saa moja ni dola 3,200. Rwanda ng'ambo ya ziwa wanaomba 1,500 kwa mtu mmoja. Hakuna shamba la mihogo wala la chai linaleta vile kwa saa moja bila kukata mti hata mmoja, na ukitoa hiyo, kitakachojaa mu ile nafasi ni makala, mbao na machimbo, hatuna haja ya kudanganyana.

Na makala ni yetu. Hiyo inanikasirisha tukianza kusema nani anaharibu pori. Amka asubuhi uende Mudaka, utaona magunia imepangwa barabarani, imefungwa na majani juu, pikipiki zinabeba tatu tatu kuleta mjini. Nani ananunua? Ni Bukavu. Sambaza yangu inaiva kwa makala ya ule mti.

Upande wa mdogo wetu sasa. Batwa waliishi mu ile milima kabla ya mlango, kabla ya buti za gade, kabla ya neno parke. Walitolewa mu miaka ya 70, familia kwa familia, bila ardhi nyingine na bila fidia, na mu 1975 parke ikapanuliwa mpaka karibu kilometa za mraba 6,000. Tangu hapo wako kwenye vipande vya ardhi ya wengine huko Kabare na Kalehe, wanalima kwa mtu, jioni wanalipwa na mihogo. Oktoba 2018 baadhi wakachoka, wakarudi porini kwa nguvu. Kilichofuata kila mtu wa huku anakijua: vijiji vilichomwa, Batwa waliuawa, gade nao waliuawa, na miti ilikatwa sana sana, wafanyabiashara wenye pesa wakaingia nyuma ya Batwa wakapakia makala na mbao. Mwaka 2022 Kongo ilipata sheria ya kulinda watu wa asili, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikatoa hadharani uamuzi wake kama serikali ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, na ikaomba warudishiwe ardhi yao. Hiyo si maneno ya watu wa grupu tena, ni Tume ya bara letu.

Kwa hiyo mdogo wetu akisema ile saa moja ya gorila imesimama juu ya uchungu wa Batwa, hasemi uongo. Mahali nashindwa kumfuata ni pale anasema basi tusiende. Nimejiuliza: nikikaa nyumbani, ule papa wa buti za mpira anapata nini? Anapoteza kazi ya pekee ambamo mtu anamlipa kwa kile anajua, siyo kwa mgongo wake. Ardhi hairudi juu mtalii alienda Rwanda. Tena kuwaambia watu wa nje wasuse parke wakati hapa mjini tunaendelea kununua gunia kila wiki, siwezi kuona haki mu hiyo.

Lakini kwenda tu, kulipa, kupiga picha na kurudi, hapana. Tunagombana kama mgeni aje ama asije, na hatuulizi anakaribishwa na nani. Leo mwenye nyumba anatembea mbele na panga kama mfanyakazi, anayepokea pesa yuko mu biro, na mgeni anaondoka bila kujua alikuwa kwa nani. Geuza hiyo. Sehemu ya kila kibali, yenye kuandikwa wazi ukutani pale Tshivanga, iende kwa Batwa wenyewe kwa jina la ardhi yao, isiitwe msaada. Wapewe njia zao za kutembeza watu, siku nzima ya miti, dawa, asali, namna ya kusoma nyayo, na ile ipewe bei yake kama gorila wanavyopewa. Miye ningelipa zaidi kusikiliza ule papa saa tatu kuliko kuangalia dume saa moja, na nasema hivyo nikimpenda sana ule dume. Na ganda la mti lisiwe kosa mkononi mwa mtu ambaye bibi yake alilijua kabla gade yeyote hajazaliwa. Wataalamu watasema ukifungua dirisha dogo mwizi atapita, na baada ya yale ya 2018 siwezi kuwaambia wanaogopa bure. Ila ganda la dawa na lori la mbao vinaonekana tofauti hata usiku, na miaka 50 ya kufunga kabisa haikuzuia lori.

Halafu bei ya wenyeji. Mtoto wa shule wa Miti analala akisikia upepo wa ile milima na hajaingia hata mara moja. Kila shule ya Kabare ingepewa siku moja kwa mwaka, bila kulipa, hata kama ni kupanda njia tu bila gorila, ama kwenda Lwiro hapo karibu kuona sokwe na nyani waliookolewa kwa wawindaji, na lile jengo la utafiti la wakati wa Wabelgiji. Mtoto akiona sokwe amekatwa vidole na mtego hataona mtego vile vile tena.

Kuhusu safari ya dada mwenyewe: kwa sasa asilete watoto. Tangu vita vilifika Kavumu na Bukavu mu Februari 2025 mambo haijatulia, na mtu asidanganywe na picha nzuri ya ziwa. Nimemuandikia pembeni, nje ya grupu: dada, ngoja. Siku barabara itakuwa salama, uje, na tutaenda wote pamoja, mdogo na yaya ndani, nitakodi gari mwenyewe. Tukifika mlangoni, kabla ya kutoa hata dola moja, tutauliza Batwa wanapata ngapi kwenye hiki kibali, na tutauliza kwa sauti, watoto wakisikia. Kisha tutamtafuta ule papa. Kama angali hai, nataka arudi kwenye ule mti atuambie jina lake, juu siku ile sikuliandika.