Mkulima wa vitunguu wa Dindori na kalenda ya uchaguzi

Tarehe 20 Mei 2024 wapiga kura wa Dindori, eneobunge la mashambani wilayani Nashik katika jimbo la Maharashtra, walimbwaga waziri mdogo wa afya wa India, Bharati Pawar wa BJP, chama tawala cha nchi. Aliyemshinda ni Bhaskar Bhagare, mwalimu wa shule aliyegombea kupitia chama cha Sharad Pawar, mwanasiasa mkongwe wa upinzani, na tofauti yao ilizidi kura laki moja. Ingeweza kuwa kubwa zaidi: mgombea binafsi mwenye jina hilohilo la Bhagare, na alama ya tarumbeta iliyofanana na ile ya chama cha mwalimu, naye aliondoka na kura zaidi ya laki moja. Miezi sita baadaye, ulipofanyika uchaguzi wa bunge la jimbo, viti vyote sita vilivyomo ndani ya Dindori vikaenda kwa muungano wa BJP na washirika wake.

Wapo wanaosema Mei ilikuwa adhabu ya mkulima wa vitunguu kwa serikali. Wapo wanaosema Novemba ilithibitisha kwamba hasira ile ilikuwa nguvu ya soda. Kila upande una hoja, lakini ukitazama tarehe za maamuzi yenyewe unaona tatizo lililo zito kuliko nani alishinda: sera ya vitunguu inafuata kalenda ya kura, wakati kitunguu kina kalenda yake.

Tuanzie sokoni. Lasalgaon, mji mdogo ndani ya eneobunge hilo, una soko la mnada lililoanzishwa mwaka 1947 na linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote ya vitunguu barani Asia. Matrekta yanapanga foleni na matela yake yamejaa, wanunuzi wanapita tela kwa tela, wanashika vitunguu, wanavikamua kidogo kuona ugumu na ukavu wake, kisha bei inatajwa kwa kwintali, yaani kilo 100. Mambo yanakwisha upesi. Mkulima aliyelima kwa miezi minne ana chaguo mbili tu: akubali, au arudi na mzigo nyumbani huku akijua dizeli ya kwenda na kurudi imeshateketea.

Tena kurudi na mzigo si kwa kila kitunguu. Kile chekundu cha msimu wa mvua, kinachoanza kuingia sokoni kuanzia Oktoba, kina maji mengi na hakikai. Kinachokaa ni cha kiangazi, kinachovunwa kati ya Machi na Mei. Hicho ndicho takriban asilimia 70 ya mavuno ya India, na wakulima hukihifadhi kwa miezi katika vibanda virefu vilivyoinuliwa kutoka ardhini, kuta zake zikiwa za mbao zilizoachanishwa ili upepo upite. Hata humo, sehemu kubwa huoza au hupungua uzito.

Sasa tazama serikali ilivyoingia. Agosti 2023 ilikuwa Agosti kavu kuliko zote India tangu kumbukumbu za mvua zianze kuwekwa mwaka 1901. Bei za vyakula zikapanda, na tarehe 19 mwezi huo Delhi, yaani serikali kuu, ikaweka ushuru wa asilimia 40 kwa vitunguu vinavyouzwa nje. Mwishoni mwa Oktoba ikaamua visiuzwe nje chini ya dola 800 kwa tani. Desemba ikapiga marufuku kabisa. Ilikuwa Desemba, wakati kitunguu chekundu kisichohifadhika kimejaa mashambani. Bei za Lasalgaon ziliporomoka katika siku chache tu, na mwenye kitunguu hicho hakuwa na la kusubiri.

Ni haki kuisikiliza serikali. Kibarua wa Delhi au Mumbai anakula mkate mkavu na kitunguu, na bei ikipaa yeye ndiye wa kwanza kupunguza. Wanasiasa nao wana kumbukumbu: mwaka 1998 BJP ilipoteza serikali ya jimbo la Delhi, na bei ya vitunguu ilitajwa kila mahali kuwa sababu mojawapo kubwa. Nchi yenye watu zaidi ya bilioni 1.4 haiwezi kuacha chakula cha maskini kiamuliwe na mnunuzi wa nje peke yake. Mimi sioni ubaya wa serikali kuingilia bei.

Ubaya ninaouona ni kwamba inaingilia upande mmoja. Februari 2023, miezi michache kabla ya ushuru ule, bei ilikuwa imeanguka hadi rupia chache kwa kilo. Mkulima mmoja wa wilaya ya Solapur, katika jimbo hilohilo, alipeleka zaidi ya kilo 500 sokoni, na baada ya kukatwa usafiri, upakuzi na upimaji akakabidhiwa hundi ya rupia 2. Hapo hapakuwa na amri ya usiku mmoja kutoka Delhi. Serikali ya jimbo ilitangaza ruzuku ya rupia 350 kwa kwintali, yenye kikomo, baada ya kelele na baada ya maelfu ya wakulima, wengi wao Waadivasi (jamii za wenyeji asilia), kuanza kuandamana kwa miguu kutoka Dindori kuelekea Mumbai mwezi Machi. Kitunguu hakimo hata katika orodha ya mazao ambayo serikali kuu huyatangazia bei ya chini ya kununulia.

Hasara haikuishia shambani. Wauzaji wa Dubai na kwingineko katika Ghuba, waliozoea kitunguu cha Nashik, walilazimika kutafuta cha Pakistani na Misri. Mkulima wa Niphad, jirani na Lasalgaon, analijua hilo vizuri: mteja aliyekukosa mara mbili huanza kuzoea duka jingine.

Zikaja tarehe za 2024. Machi marufuku ikarefushwa bila kikomo. Aprili ikatolewa ruhusa ya kuuza nje tani 2,000 za vitunguu vyeupe vya Gujarat, jimbo alikotoka waziri mkuu, na Nashik ikawaka. Siku chache baadaye Delhi ikatangaza kuruhusu tani 99,150 ziende nchi sita. Tarehe 4 Mei marufuku ikaondolewa, huku ushuru wa asilimia 40 na bei ya chini ya dola 550 kwa tani vikibaki. Dindori ilikuwa inapiga kura siku 16 baadaye. Waziri mkuu huyo, Narendra Modi, alipohutubia Pimpalgaon Baswant, mji wa wilaya ya Nashik, kijana mmoja katika umati alipaza sauti akimtaka azungumzie vitunguu, na polisi wakamtoa. Septemba, uchaguzi wa jimbo ukikaribia, ile bei ya chini ikafutwa na ushuru ukashuka hadi asilimia 20.

Mtetezi wa serikali atasema hiyo ndiyo demokrasia: watu wamelia, viongozi wamesikia. Kuna ukweli ndani yake, kwani bila kura ile mkulima asingepata hata hayo. Lakini nafuu ya Mei haiwezi kumrudishia aliyeuza Desemba.

Na Novemba? Sidhani wakulima walisahau. Kuanzia Julai 2024 serikali ya jimbo ilianza mpango wa kuwapa wanawake wa kipato cha chini rupia 1,500 kila mwezi, na pampu za maji za wakulima wadogo zikapewa umeme bure. Mama wa familia inayotegemea mnada hajui trekta litarudi na rupia ngapi, lakini anajua rupia 1,500 zitaingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Kuipigia kura serikali inayotoa hizo si kujipinga. Isitoshe, Dindori si vitunguu peke yake. Kiti chake cha ubunge kimetengwa kwa ajili ya jamii za Adivasi, na kule milimani wengi wanadai kwanza hati za ardhi ya misitu wanayoilima. Wengine ni wa zabibu. Mbunge mmoja anabeba kilio cha wote hao.

Aprili 2025 ushuru wote ukafutwa, safari hii mavuno ya kiangazi yakiwa ndiyo kwanza yanaingia. Hatua hiyo ilikuwa sahihi na imekuja wakati wake. Kinachokosekana ni uhakika kwamba mwaka ujao itakuwa vivyo hivyo. Ningependa kuona ushuru wa kuuza nje ukitangazwa kabla ya miche kuhamishiwa shambani na usiguswe mpaka msimu huo uishe, ukiambatana na kiwango cha bei kinachojulikana ambacho kikivukwa juu serikali inafungua akiba yake, na kikivukwa chini inanunua. Akiba ipo tayari. NAFED, shirika la ushirika linalonunua kwa niaba ya serikali, hukusanya maelfu kwa maelfu ya tani za kitunguu cha kiangazi, ila wakulima wa Nashik wamelalamika mara nyingi kwamba ununuzi hupitia kampuni za kati badala ya mnada wa wazi. Ununuzi huo uhamie Lasalgaon, mbele ya matrekta, kila Aprili na Mei, iwe mwaka huo una uchaguzi au hauna.