Shahidi Wangu Ni Fundi Bomba

Siku mama mkwe aliponikuta na chupa ya gongo saa tatu asubuhi, sikuwa nimeonja hata tone. Naomba hilo lieleweke mapema, maana hapa Magomeni, Mtwara, wapo majirani ambao mpaka leo wakinipa mkono wananusa kwanza.

Chanzo ni kutu. Mtu anayekusanya mashine za gemu akiwa Dodoma anaziweka kabatini na kwenda zake. Sisi wa pwani ya kusini hewa yetu ina chumvi, na chumvi haijali kama kitu kimetoka Japani au kwa fundi seremala. Nina mashine kumi na moja. Zinazowaka ni sita. Katika hizo sita, ninayoipenda kama kitinda mimba ni Nintendo ya kijivu, ile halisi, yenye kifuniko mbele: unakifunua, unasukuma kaseti ndani, halafu unaibonyeza chini mpaka ishike. Wengi tuliokua miaka ya tisini hatukuiona hii. Tulichezea ndugu zake wa Kichina, kaseti imeandikwa gemu 9999999, ukikaa ukazihesabu hazifiki kumi, nyingine zote ni zile zile zimebadilishwa majina. Sizidharau, gemu ya vita ya Contra niliimalizia huko. Ila halisi ni halisi, na mtu akibisha nitambishia mpaka chai ipoe.

Sasa, ndani ya Nintendo hiyo kuna meno ya chuma 72 ambayo lazima yagusane na meno ya kaseti. Yakipata kutu, kaseti haisomi. Utotoni dawa yake ilikuwa moja: chomoa, puliza, rudisha. Nimeshavunja urafiki na watu kwa ajili ya kupuliza. Pumzi ina unyevu, unyevu unazidisha kutu, na Nintendo wenyewe walikuwa wanawakataza wateja wao wasipulize. Dawa ya kweli ni spiriti na pamba za masikio.

Jumamosi hiyo ya Novemba maduka mawili ya dawa niliyopita hayakuwa na spiriti. Kijana mmoja wa jirani, ambaye simtaji kwa sababu bado namdai, akaniambia, "Kaka, msimu wa mabibo huu. Nipa ipo. Ukiiwashia kiberiti inawaka." Kwa asiye wa kusini: nipa ni gongo inayopikwa kwa mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, na ni kitu ambacho ukikutwa nacho unaanza kueleza. Nikapiga hesabu ya kijinga kwamba kinachowaka moto ni spiriti, basi. Akaniletea kwenye chupa ya maji ya nusu lita.

Nilisafisha usiku kucha. Kufika asubuhi nilikuwa sebuleni, kifua wazi, macho mekundu, nimepiga magoti, kaseti mkononi, nasugua kidoa cha kijani kilichogoma. Na mimi nikifanya kazi huwa naongea. "Toka," nakiambia. "Nimesema toka! Utatoka leo, mshenzi mkubwa wewe!"

Nikahisi kivuli mlangoni. Mama mkwe, tuliyemtarajia alasiri, alikuwa amepanda gari la alfajiri kutoka Newala. Amesimama na kapu la ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoila kusini, kichwani, ananiangalia.

"Shikamoo mama," nikasema nikiwa bado nimepiga magoti.

Hakuitikia marahaba. Mkwe akimeza marahaba, jua kesi imeshafunguliwa. Akatua kapu, akaokota chupa, akafungua kifuniko. Mwanamke wa Newala humfundishi harufu ya nipa.

"Mwanangu, hii chupa ilikuwa imejaa?"

"Ndiyo mama."

"Nusu yake iko wapi?"

Hapa ndipo ningeweza kuokoka. Ningesema imemwagika. Lakini nilikuwa sijalala, na kaseti iliyokuwa mkononi ilikuwa ya gemu ya Mario, na mdomo ukasema wenyewe: "Nusu nimempa Mario."

"Mario ndiye nani?"

"Fundi bomba, mama."

Mke wangu akatokea jikoni kama aliyeitwa. Bomba letu la jikoni lilikuwa linavuja tangu mwezi wa nane. "Fundi bomba alikuja? Saa ngapi? Mbona bado linavuja?"

"Lingeacha kuvuja vipi," akasema mama yake, "na fundi mwenyewe kanyweshwa nusu chupa?"

"Huyo Mario ni wa ng'ambo ya Ruvuma?" mke wangu akauliza, maana huku kwetu jina kama hilo kwanza unaangalia upande wa Msumbiji.

"Hapana," nikasema. "Mtaliano."

Mjomba wa mke wangu akapigiwa simu. Kwa Wamakonde mjomba si wa kuletea zawadi Idi tu. Mjomba akiitwa, jambo limekuwa jambo. Alifika alasiri kutoka Mikindani kwa bodaboda, kofia imenyooka, akakaa mkekani, akasikiliza upande wa mlalamikaji hadi mwisho, akatafuna ming'oko miwili, kisha akasema kwa upole, "Huyu Mario aitwe. Hatuwezi kumsema mtu hayupo."

"Mjomba, Mario yumo humu," nikasema nikiinua kaseti.

Kimya. Mjomba akaiangalia kaseti, akaiangalia chupa, akamgeukia mama mkwe. "Amezidisha," akasema.

"Ni mchezo, mjomba! Ni katuni! Nikiwasha mtamwona."

"Basi washa."

Mtu mwenye akili angewasha. Mimi nikaanza kueleza kwamba mashine ile haiwashwi kwenye TV ya flati. Huu ndio msimamo wangu na sirudi nyuma: gemu za zamani zinataka TV ya chogo. Kwenye flati picha inapakaa kama rangi iliyoloa, unabonyeza kitufe sasa hivi Mario anaruka akijisikia. Na bunduki ya gemu ya kuwinda bata ndiyo haifanyi kazi kabisa. Ile bunduki ya plastiki haipigi kitu, ni jicho. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha panatokea kiboksi cheupe pale bata alipo. Bunduki ikiuona weupe ule, bata kafa. TV ya flati inachelewesha picha, kwa hiyo jicho linachungulia wakati bata hajafika.

Mjomba alinisikiliza kwa subira ya mtu anayemsikiliza mgonjwa. Halafu akafanya kosa. Akaonyesha kabati: "Na hizi nyingine zote?"

Kumuuliza mkusanyaji habari za kabati lake ni kumuuliza mvuvi habari za yule samaki aliyekata mshipi. Nilianza na mashine ya Sega na gemu yake ya Sonic, mnyama wa mbio, ya mwaka 1991. Nikamweleza kwamba TV zetu, kama za Ulaya, zilikuwa zinachora picha 50 kwa sekunde, za Japani na Marekani 60, na Sonic yule hakurekebishwa. Kwa hiyo huku alipungukiwa kasi sehemu moja kwa sita. Mnyama tuliyeambiwa hakuna wa kumkamata, kumbe sisi tulikuwa tunamwona akiwa na gunia la korosho mgongoni. Jambo hili huniuma. Nadhani liliniuma kwa sauti.

Nikahamia PlayStation 2. Ya mwaka 2000, zimeuzwa zaidi ya milioni 160, hakuna mashine ya gemu ya kuwekwa kwenye TV iliyofika hapo, na kwangu ndiyo mfalme wa vibanda vya gemu ingawa si mfalme wa kabati, maana kila mtu anayo na kukusanya kitu ambacho kila mtu anacho ni sawa na kukusanya ndoo. Nikamsimulia Adriano wa Inter kwenye gemu ya mpira ya Pro Evolution Soccer 6, jinsi alivyokuwa akipiga shuti kutoka mbali kipa anabaki kuusindikiza mpira kwa macho. "Mjomba, ada yangu yote ya twisheni iliishia mguuni kwa Adriano."

"Na ada pia," mama mkwe akasema taratibu, kama anayejaza fomu.

Nikanyamaza, nikaenda stoo kuleta TV ya chogo. Mke wangu alishika upande mmoja bila kuniangalia. Nikachomeka waya wa njano wa picha na mwekundu wa sauti, nikasukuma kaseti, nikabonyeza chini, nikawasha.

Taa nyekundu ikawaka. Ikazimika. Ikawaka. Ikazimika.

Mtu wa Nintendo anaijua taa hiyo. Ndani mle mmewekwa mlinzi, kitu kidogo kinachoiuliza kila kaseti neno la siri ili zile za kughushi zisiingie. Meno yasipogusana vizuri mlinzi hasikii jibu, anaizima mashine na kuiwasha, anaizima na kuiwasha, kila sekunde. Zile za Kichina hazina mlinzi, ndiyo maana hazikuwahi kutudhalilisha namna hii. Skrini ilikuwa tupu, taa inapepesa.

"Inamkonyeza nani?" mama mkwe akauliza.

Kwa kuchanganyikiwa nikachomoa kaseti, nikachukua pamba, nikaichovya kwenye chupa, yaani kwenye ushahidi wenyewe, mbele ya kikao. Nikasugua, nikarudisha. Taa ikakonyeza. Na hapa nikubali kitu kimoja: nipa si spiriti. Ina maji mengi, na vingine vilivyomo anavijua aliyeipika.

"Lete hapa," mjomba akasema.

Akaichukua kaseti, akaigeuza tumbo juu, akavuta pumzi kama mtu anayefufua jiko la mkaa lililozimika.

"Mjomba, usipu..."

Fuuuuuu.

Akaisukuma ndani kwa kidole kimoja, akabonyeza. Taa ikatulia. Nikabonyeza kitufe cha kuanza, muziki ukalia, na pale kwenye chogo, mwekundu, mnene, akasimama Mario.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mjomba."

"Mfupi," mjomba akasema.

"Ana masharubu," akasema mama mkwe, sauti imelegea kidogo.

Nikamkimbiza Mario mpaka kwenye bomba la kijani linaloingilika, nikamshusha akazama, ili waone kwamba sikudanganya hata kazi yake. Mke wangu akaguna. "Mabomba ya watu anayajua. La kwetu ndiyo hana muda."

Nilijaribu kueleza kwamba kilichosaidia si pumzi, ni kule kuichomoa na kuirudisha, meno yakajikuta yamekaa sawa. Nilieleza vizuri sana. "Nimepuliza, imewaka," mjomba akasema, na kikao kikamwafiki. Kisha akajifuta midomo kwa kiganja, akatulia, akailamba tena midomo akiwa anatazama dari. "Hii nipa," akauliza, "ni ya upande gani?"

Nilikuwa nimeshinda kesi. Ningezima hapo. Lakini kaseti ile ina michezo miwili, wa pili ni Duck Hunt, na bunduki ilikuwa karibu. Nikawaambia watazame bunduki nilivyoieleza. Bata mmoja akaruka. Una risasi tatu. Nikapiga, nikapiga, nikapiga. Bata akaenda zake, na kwenye majani akachomoza mbwa, kashika mdomo, anacheka.

"Hata mbwa," mama mkwe akasema. Akanyoosha mkono. "Lete hiyo."

Sikujua kwamba usichana wake wote aliupitisha kwenye dungu la shamba la mpunga, kombeo mkononi, akifukuza ndege. Hakukaa vizuri wala hakufumba jicho. Bata wa kwanza, risasi moja. Wa pili, moja. Wa sita, moja. Mjomba akaacha kutafuna. Wa saba akapinda ghafla, akamponyoka, na mbwa akachomoza akamchekea mama mkwe wangu usoni, mbele ya kaka yake, mbele ya mwanawe, mbele yangu.

Mama mkwe akamlenga mbwa, akapiga. Mbwa akaendelea kucheka. Akapiga tena.

"Huyu hafi?"

"Jaribu tena, mama," nikasema.

Alikuja kwa siku tatu, kuonana na daktari wa macho. Leo ni siku ya kumi na tisa. Macho yameonekana mazima. Habari za nipa hazizungumzwi tena ndani ya nyumba hii, na chupa sijui iliondoka na nani, ingawa mjomba siku ile alirudi Mikindani akiwa na mfuko ambao hakuja nao. Kila usiku baada ya isha nasikia kutoka sebuleni kile kifyatulio: kachak, kachak, kachak, halafu kicheko cha mbwa, halafu mama mkwe anasema neno la Kimakonde ambalo mke wangu amekataa kunitafsiria.

Mbwa yule kwenye Nintendo ya nyumbani hapigiki. Hawakumwekea kufa. Mke wangu ananisukuma kila siku nimwambie mama yake. Nimemjibu kwamba mama ni wake, amwambie yeye.