Filamu za Kutisha Zinatufundisha Kumwogopa Nani?

Mwezi wa Agosti upepo wa Dodoma haulali. Unaanza asubuhi, unaingiza vumbi la mtaani hadi kwenye masufuria, na usiku unagongagonga mabati kana kwamba juu ya paa kuna mtu anatafuta pa kuingilia. Usiku mmoja wa namna hiyo, nyumbani kwetu Nkuhungu, watoto wa dada yangu waliniomba niwawekee filamu ya kutisha. Kwenye flashi nilikuwa nayo moja ya Kibongo, nikaiweka. Mchawi wa filamu ile alikuwa bibi kizee, mwembamba, macho mekundu, anaishi peke yake pembezoni mwa kijiji.

Asubuhi nikamtuma yule mdogo wao, wa miaka sita, akanunue karanga kwa bibi jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hakulia wala hakubisha. Alisimama tu mlangoni ameshika kopo. "Mjomba, yule bibi ana macho kama ya yule wa jana."

Dada aliposikia alikasirika, na alikuwa na haki. Maneno yake ndiyo yaliyonifanya niandike. Alisema filamu za maisha zinafunza, zile kubwa za Marekani walau zinachangamsha nyumba, ila za kutisha zinapanda woga usio na mavuno. "Kaka, miaka yote hii unaziangalia. Umejifunza nini?"

Nimezipenda filamu hizo tangu utotoni kuliko aina nyingine yoyote, na siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu hapo. Nimelipata nusu, na nusu nyingine inampa dada ushindi.

Nianze na mahali nilipojifunzia kuangalia filamu, yaani kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, televisheni moja juu ya meza, deki inayopata moto, na kiingilio ambacho mtoto angeweza kukipata kwa kuokota chupa. Tanzania Bara ilianza kurusha televisheni mwaka 1994, na kwa miaka mingi baada ya hapo nyumba nyingi hazikuwa nayo, hivyo kibanda ndicho kilichokuwa jumba letu la sinema. Ndimo nilimoiona ile ya meli ya Titanic, iliyotoka mwaka 1997. Ilikuwa ndefu mno, zaidi ya saa tatu, ikaja kwa kanda mbili. Mwenye kibanda alipokuwa akibadilisha kanda, meli ikiwa imeshagonga barafu, hakuna aliyetoka nje.

Baadaye zikaja za kutafsiriwa, zenye sauti za watu kama Lufufu aliyetangulia kwenye kazi hiyo, na wengine wengi waliomfuata. Kazi yao naiheshimu sana. Waliifungua milango kwa mama asiyejua Kiingereza na kwa kijana aliyeacha shule darasa la nne, na filamu ya ngumi kutoka Hong Kong ikawa na utani wetu na methali zetu. Ila kuna kitu kimoja ambacho mtafsiri hawezi kukifanya, nacho ni kunyamaza. Mtu anatembea gizani kwenye ukumbi wa nyumba, hakuna muziki, hakuna neno, mlango unasogea kidogo. Hapo mtafsiri anaona pengo na analijaza. "Sasa jamaa anakwenda mlangoni, hajui kuna nini." Kwisha. Filamu za mabunduki zilinoga kwa kutafsiriwa. Za kutisha zilikufa, kwa sababu uhai wake umo katika ule ukimya uliojazwa maneno. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya watu wengi wa rika langu kuamini kwamba filamu ya kutisha ni damu na makelele. Hawakuwahi kuisikia ikiwa kimya.

Kwa nini ukimya una nguvu hivyo? Mwaka 1975 Steven Spielberg alitengeneza filamu ya papa anayekula watu ufukweni, Jaws. Papa wa mashine aliyetengenezwa kwa kazi hiyo alikuwa akiharibika kila mara ndani ya maji ya chumvi, kwa hiyo mwongozaji akalazimika kumficha. Badala ya papa tunaona maji, tunasikia muziki, na zaidi ya saa nzima inapita kabla mnyama hajaonekana vizuri. Ubovu wa mashine ndio uliofanya filamu ikatisha. Na filamu hiyohiyo ndiyo wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa sinema kubwa za Marekani zinazotolewa msimu wa joto kwa kishindo cha matangazo. Kwa hiyo yule anayezidharau za kutisha na kuzisifu zile kubwa, ajue zimetoka tumbo moja.

Halafu kuna suala la fedha, ambalo kwetu ni kubwa. Paranormal Activity ilipigwa ndani ya nyumba ya mwongozaji mwenyewe kwa kama dola 15,000, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 190 duniani. Nyumba, usiku, kamera moja iliyosimama. Hivyo vyote Dodoma tunavyo, na upepo wa Agosti juu yake bila malipo. Watengenezaji wetu walilijua hilo mapema: mwanzoni mwa miaka ya 2000, soko la filamu za video lilipokuwa changa, Mussa Banzi alitoa filamu ya kutisha iitwayo Nsyuka, na watu waliinunua. Majini, mizimu na wachawi wamekuwa riziki ya filamu zetu tangu hapo. Hatuna ndege za kivita wala miji ya kulipua, lakini hadithi za usiku tunazo kila kabila. Kwa upande huu sina shaka hata kidogo: kama kuna aina ya filamu ambayo Mtanzania mwenye mfuko mdogo anaweza kuitengeneza ikasimama mbele ya dunia, ni hii.

Sasa upande wa dada.

Katika nchi hii macho mekundu ya bibi yameua. Hasa Kanda ya Ziwa, kwa miaka mingi vikongwe wamekatwa mapanga wakituhumiwa uchawi, na alama iliyotajwa tena na tena ni macho mekundu. Macho hayo yanatokana na moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni au kwa kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake hayawezi kuwa meupe. Kila anayetengeneza filamu Tanzania analijua jambo hili, maana limetangazwa redioni na limezungumzwa bungeni. Hata hivyo, anapotaka mchawi, anamchukua bibi kizee, anamwekea macho mekundu, anampeleka pembezoni mwa kijiji. Mimi nimeziangalia filamu hizo kwa raha, miaka kwa miaka, na sikuwahi kujiuliza kwa nini awe yeye, mpaka mtoto aliposimama mlangoni na kopo.

Hapa hoja ya kwamba "ni hadithi tu" hainitoshi. Marekani wanapotengeneza filamu ya zombi, hakuna zombi mtaani kwao wa kuja kupigwa mawe kesho yake. Sisi bibi tunaye, nyumba ya tatu.

Je, basi tuziache? Wapo wanaosema hivyo, makanisani na misikitini pia, na sababu yao nyingine ni kwamba filamu hizi zinawakuza waganga. Hilo naliona kweli kwa nyingi. Lakini namna ya kutisha bila kumwonea mnyonge ipo. Jordan Peele, mwaka 2017, alitengeneza Get Out: kijana mweusi anakwenda kusalimia wakwe, familia ya Kizungu yenye uwezo, wakarimu, wenye tabasamu. Woga wote wa filamu umo ndani ya ule ukarimu. Iliwapatia watu hofu na wakati huohuo ikashinda tuzo ya Oscar ya hadithi asilia. Mwenye nguvu ndiye anayetisha, na mtazamaji anatoka akiwa amejifunza kumtazama upya mtu ambaye siku zote anaonekana salama.

Nasi tuna hadithi ya kufanya hivyo hapa jirani. Kati ya mwaka 1946 na 1947 vijiji vya Singida vilikumbwa na mauaji yaliyoonekana kama ya simba. Watu walisema kuna watu-simba, binadamu wanaotumwa wakiwa wamevaa ngozi na makucha. Serikali ya kikoloni ikachunguza na kuwashtaki watu kwa mauaji. Fikiria filamu ya tukio hilo ambayo haimwonyeshi simba hata mara moja. Unasikia tu ng'ombe wakihangaika zizini, baba anahesabu watoto, na kila jirani anayebisha hodi anaweza kuwa ndiye. Swali linageuka. Haliwi tena "mchawi ni nani," linakuwa "nani ananufaika nikimwogopa jirani yangu?" Filamu ya namna hiyo ningemwonyesha dada bila wasiwasi. Watoto, hapana, wangengoja wakue.

Na hapo ndipo ninapokubaliana naye kabisa: kosa la usiku ule lilikuwa langu. Mtoto wa miaka sita hakupaswa kukaa mbele ya filamu ile, iwe nzuri au mbaya.

Lakini dada anazipa filamu za maisha cheti ambacho mimi siwezi kukisaini. Nazipenda pia. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, nchi ilisimama. Umati uliomuaga pale Leaders, Kinondoni, ulionyesha kwamba hawa waigizaji wameingia ndani ya nyumba zetu kama ndugu. Lugha ya filamu zile ni yetu, ugomvi wa mirathi ni wetu, mama mkwe ni wetu. Ila angalia nani anabebeshwa ubaya humo. Mama wa kambo. Mwanamke wa mjini mwenye suruali. Mfanyakazi wa ndani aliyetoka kijijini, na mara nyingi Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwao, tukiwemo sisi wa Ugogo, kinafanywa kichekesho. Mama wa kambo wangapi wanalea watoto wasio wao kwa upendo, na kila jioni televisheni inawaambia watoto hao wawe macho? Woga huu hautoi sauti usiku, kwa hiyo hatuuiti woga. Tunauita mafunzo.

Tena mafunzo yenyewe husemwa kwa mdomo, mwishoni, mtu akiwa amelala hospitalini. Drama nzuri humwachia mtazamaji nafasi. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ina vipande ambavyo Yasmin, mhusika mkuu, anaangalia tu, na wewe unajua anachokihisi. Kisa cha Zanzibar ya miaka ya 1950, harakati na mapenzi, na hakuna anayesimama kutoa hotuba ya maadili. Naiona kuwa ni mfano bora wa drama tulionao. Ugogo nao una kisa kinachongoja mtu: njaa ya Mtunya, wakati wa Vita vya Kwanza na baada yake, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipochukua ng'ombe na nafaka, kisha mvua ikakataa. Wazee waliirithi habari hiyo kutoka kwa wazazi wao. Hakuna mama wa kambo anayehitajika mle.

Kuhusu zile kubwa sina mengi. Furaha yake ni ya umati, na umati ni kitu chema. Ukumbi mzima ukimshangilia steringi, mtu aliyekuja na madeni yake anayasahau kwa saa mbili. Avengers: Endgame ya mwaka 2019 iliingiza karibu dola bilioni 2.8, na sisi tulio wengi tuliiona kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Hapo inabaki nusu filamu, maana kilichogharimiwa ni ukubwa. Na adui wa filamu hizo kwa miongo alikuwa Mrusi, Mwarabu, au Mwafrika mwenye bunduki asiye na jina. Watoto wa Dodoma tulishangilia akipigwa. Nikitaka ukubwa, mimi nautazama ule wa Kongwa, hapa mkoani Dodoma: mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wang'oe mibuyu walime karanga. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa na pauni milioni 36 zimekwenda. Mibuyu bado ipo. Sinema hiyo ingetaka fedha ambazo hatuna, kwa hiyo naiacha.

Ile filamu ya bibi nimeifuta kwenye flashi. Hakuna aliyenilazimisha.

Jumamosi iliyofuata nilimshika mtoto mkono tukaenda wote kununua karanga. Bibi alikuwa amechuchumaa jikoni anapuliza moto, akatoka akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akampimia karanga kwenye kopo, akamwongeza kiganja kimoja. Mtoto alimtazama usoni muda mrefu, kisha akauliza, "Shikamoo bibi. Mbona macho yako mekundu?"

"Marahaba. Moshi, mjukuu wangu," bibi akasema. "Kuni za safari hii ni mbichi."