Mtungi Uliovaa Sketi

Katika maonyesho madogo ya kazi za mikono yaliyofanyika mjini Iringa, ambayo waandaaji wake sitawataja, kijana mmoja alifika na mtungi alioufinyanga mwenyewe. Alikuwa ameutoboa matundu kuzunguka mdomo ungali mbichi, na baada ya kuuchoma akapitisha milulu, nyasi ndefu za kusukia vikapu, katika kila tundu na kuisuka kuelekea chini, hata sehemu kubwa ya tumbo la mtungi ikafichwa. Mpokeaji aliutazama kwa muda, kisha akamwuliza swali moja: kazi hii iandikwe kwenye meza ya ufinyanzi au ya ususi? Kijana alisita. Mwisho mtungi uliwekwa sakafuni, chini ya meza ya vikapu, kando ya katoni ya maji ya kunywa.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi kuliko nilivyotegemea, na maoni yangu ni kwamba ndilo lililokuwa na kasoro, wala si kazi ya kijana.

Yupo mchongaji na mfinyanzi wa Marekani aitwaye Simone Leigh, aliyezaliwa Chicago mwaka 1967 na wazazi wenye asili ya Jamaika. Kazi yake ya mwaka 2018 iitwayo Cupboard VIII nimeiona pichani tu, lakini hata pichani inamfanya mtu asogeze kiti. Ni umbo la mwanamke mkubwa kuliko binadamu, lenye kiwiliwili cha udongo uliochomwa kwa joto kali, na mahali pa kichwa pana mtungi. Kuanzia kiunoni hadi chini limevaa sketi pana ya rafia, nyuzi zile zitokanazo na majani ya mwale, iliyopangwa tabaka juu ya tabaka kama paa la nyumba ya nyasi. Jina lake linakumbusha mkahawa uliojengwa mwaka 1940 karibu na mji wa Natchez, katika jimbo la Mississippi, kwa umbo la mtumishi wa kike mweusi, ambao wateja wake huingia kula ndani ya sketi yake. Leigh aliichukua sketi hiyo ya dhihaka akaigeuza kuwa kitu chenye heshima, na sidhani kama udongo peke yake ungeweza kuifanya kazi hiyo. Mtungi bila sketi ungekuwa mtungi, na sketi bila mtungi ingekuwa kibanda.

Lugha yetu yenyewe ilikwisha kuona ujamaa wa namna hii. Neno kauri kwetu ni ule udongo mweupe wa vikombe na sahani, na pia ni yule konokono wa baharini ambaye gamba lake lilipata kuwa fedha. Leigh hutengeneza magamba makubwa ya kauri kwa udongo, na kalibu anayoyatolea ameipata kutokana na tikiti maji. Mswahili anayesoma habari hiyo ana haki ya kutabasamu, maana kwake ni kauri ya kauri.

Turudi nyumbani. Vyungu vinavyosifika zaidi katika nyanda hizi ni vya Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, hasa vya akina mama wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya maji na milima ya Livingstone, jirani na Matema. Huvifinyanga kwa mkono, bila gurudumu la mashine, huvisugua kwa jiwe laini mpaka ving'ae, huvipaka udongo mwekundu na kuvichora kwa udongo mweupe, kisha huvichoma mahali pa wazi. Kutoka hapo vyungu hupanda mitumbwi, hufika sokoni, na vingine hupanda milima hadi Tukuyu na Mbeya. Ni nani kati yetu amepata kukiona chungu cha Kikisi kikisafiri uchi? Hufungashwa kwa majani makavu, hushindiliwa katika tenga, na kikishushwa hukalia ngata juu ya kichwa cha mbebaji. Nilichonunua soko la Mwanjelwa, Mbeya, kilikuja na majani yake, na nilipoyatoa kilianza kuyumba juu ya meza, kwa sababu kitako chake ni cha mviringo na hakikutengenezwa kwa ajili ya meza. Nilikirudishia majani. Tangu hapo naamini kwamba udongo na nyasi vilikwisha kuoana zamani, na anayevitenganisha kwa meza mbili za maonyesho ndiye aliyeleta jambo geni.

Jioni moja nilikichora chungu hicho kwa penseli. Sina kipaji cha kuchora, lakini karatasi ilinionyesha mambo ambayo miezi mitatu ya kukitazama haikunionyesha: bega la kushoto limeshuka kidogo, na ndani ya mdomo, pale jiwe lilipokosa kufika, kuna alama nne za vidole vilivyoteleza kuelekea kulia. Nilielewa kwa nini Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye vyombo vyake huinuliwa kwa mkono na kung'arishwa kwa kusuguliwa, huchora pia kwenye karatasi. Mchoro wa mfinyanzi ni kazi kamili inayostahili ukuta wake, na ningependa wanafunzi wetu wa sanaa waache kuitupa karatasi mara chungu kinapokauka.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, hakubaliani nami. Asema kwamba mtungi uliotobolewa haubebi maji, na kwamba kuchanganya ni mtindo wa kuwapendeza watalii. Hoja ya pili ina ukweli, kwa maana nimeona vyungu vilivyobandikwa magamba na shanga kwa gundi, vikinuka gundi hiyo hata baada ya wiki. Kipimo changu ni hiki: kitu kimoja kinamfanyia mwenzake kazi gani? Shanga zile hazikufanya chochote isipokuwa kuongeza bei. Rafia ya Leigh inaupa udongo mwili, ukubwa na kivuli, ijapokuwa ndani yake kuna chuma kinachobeba uzito bila kuonekana. Mwaka 2022, alipoiwakilisha Marekani kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo, alilivika jengo la nchi yake paa la nyasi lililoshuka mpaka kwenye nguzo. (Huku kwetu tunakimbilia bati, nami ni mmoja wao.)

Mtungi wa yule kijana niliununua siku ya mwisho, wakati meza zilipokuwa zikikunjwa. Uko sebuleni karibu na dirisha. Milulu iliyokuwa na rangi ya kijani hafifu sasa imekuwa ya majani makavu, imesinyaa, na matundu mawili yamebaki na nafasi ambayo mwanga hupenya asubuhi. Nilimpigia simu kumweleza, nikidhani nampa habari mbaya. Alicheka, akasema wa pili ameutoboa matundu madogo zaidi, na kwamba safari hii milulu ataianika kwanza.