Ukienda Oxford, panda mlima hadi Headington

Watu wa kwetu wanaofika Oxford hurudi na picha zile zile. Kuba la maktaba ya Radcliffe Camera, lango la chuo fulani, nyasi zilizokatwa zikalingana kama mkeka, na yeye mwenyewe kasimama mbele amevaa koti la kuazima. Wengi hutoka London asubuhi, huzunguka saa tatu nne, kisha hurudi kituoni kabla giza halijaingia. Siwalaumu, safari ni ghali na siku ni moja. Lakini naona wamekaribishwa sebuleni wakaondoka bila kujua jiko liko upande gani.

Desemba iliyopita nilikaa siku kumi Headington, mtaa ulio mlimani mashariki mwa Oxford, kama kilomita tatu kutoka katikati ya mji. Sikwenda kwa ajili ya historia. Mtoto wa mamangu mdogo ni muuguzi huko, na hospitali kubwa za Oxford ziko juu ya mlima huo, kwa hiyo ndiko alikopanga. Basi kutoka London hupita Headington kwanza ndipo lishuke mjini. Tulishuka watu watano. Wengine wote, na mabegi yao na simu zao tayari mkononi, waliendelea na safari.

"Kaka, usije ukasema nimekuficha," dadangu aliniambia tukiburuta sanduku kwenye baridi. "Huku hakuna majumba. Huku ni watu wa kazi tu."

Alisema kweli, na hiyo ndiyo sababu naandika.

Kesho yake alikuwa zamu, nikatoka peke yangu. Barabara kuu ina maduka ya kawaida: kinyozi, duka la dawa, mkahawa, maduka ya hisani yanayouza nguo na vitabu vilivyotumika. Nikakata kona kuingia New High Street, njia ya nyumba za matofali zilizobanana ukuta kwa ukuta. Nikainua macho nikaona papa.

Kwetu Kilifi papa ni kitoweo. Babangu alikuwa mvuvi, na hakuna mtoto wa pwani asiyejua harufu ya papa mkavu akiungwa kwa nazi. Papa wa Headington ana urefu wa mita 7.6, ametengenezwa kwa faiba, na amepiga mbizi kwenye paa la nyumba ya watu. Kichwa kimezama ndani, mkia umeelekea mawinguni. Watoto wawili walipita na baiskeli bila hata kumtazama. Wamezaliwa wamemkuta.

Aliyemweka ni Bill Heine, Mmarekani aliyehamia Oxford, mwenye sinema na baadaye mtangazaji wa redio. Mwaka 1986 alikuwa amenunua nyumba hiyo, na usiku mmoja wa Aprili akasikia ndege za kivita zikipita juu. Zilikuwa ndege za Marekani zilizoruka kutoka viwanja vya Uingereza kwenda kuipiga Libya kwa mabomu. Akamwendea rafiki yake mchongaji, John Buckley. Papa akapandishwa tarehe 9 Agosti 1986, siku ilipotimia miaka 41 tangu bomu la nyuklia liangukie Nagasaki.

Nilipojua hayo nilirudi kumtazama mara ya pili, na safari hii sikuona kichekesho. Kichwa hakionekani kwa sababu kimeingia chumbani mwa watu, kama bomu linavyowaingilia waliolala. Paa ni la kawaida kabisa, lenye dohani na antena, na limetobolewa kutoka juu. Nimeona sanamu nyingi za vita Uingereza, karibu zote za majenerali na askari. Hii ni sanamu ya nyumba ya raia inayopigwa, na imesimamishwa juu ya nyumba halisi ya raia. Sijui nyingine inayosema jambo hilo waziwazi hivyo.

Halmashauri ya jiji ilitaka aondolewe kwa kuwa hakuwa na kibali cha ujenzi. Ilijitolea hata kumhamishia kwenye bwawa la kuogelea. Mabishano yalidumu miaka sita, yakafika serikali kuu, na mwaka 1992 mkaguzi akaamua abaki. Hoja yake ilikuwa kwamba mpango wowote wa mji lazima uache nafasi ndogo kwa jambo lisilotarajiwa. Heine alifariki mwaka 2019. Mwaka 2022 halmashauri ile ile ikamwingiza papa kwenye orodha ya urithi wa mji, na mwanawe Heine akapinga, akisema babake alimjenga ili kukataa kutawaliwa na kibali cha mtu. Mimi niko upande wa mtoto. Mnyama aliyewekwa bila ruhusa kupinga mabomu yasiyoomba ruhusa hahitaji muhuri wa ofisi.

Lakini papa ni wa juzi tu. Kilichonishika Headington ni mashimo.

Upande wa mashariki wa mtaa kuna sehemu iitwayo Headington Quarry, yaani timbo la Headington. Ukiingia huko njia zinapindapinda bila mpango, mara unashuka, mara ukuta wa bustani ya mtu uko juu ya kichwa chako, mara unatazama paa la jirani kwa chini. Nyumba zimejengwa ndani ya mashimo yenyewe. Mawe yalipokwisha sehemu moja, wachimbaji walijenga chini walikokuwa wakichimba. Anayejua matimbo ya pwani yetu, ukuta ule mweupe uliokatwa wima na shimo lililobaki baada ya matofali ya matumbawe kutolewa, atapatambua mara moja hata kama nyasi zimefunika kila kitu.

Mawe yaliyotoka hapo yameijenga Oxford ile ya kwenye picha. Tangu miaka ya 1390, yalipotumika kwenye mnara wa kengele wa New College, mpaka karne ya 18, chuo baada ya chuo kilijengwa kwa mawe ya Headington. Yalikuwa ya aina mbili. Moja gumu sana, la kuwekwa chini ya ukuta. Jingine laini, linalochongeka kwa urahisi, na wenye vyuo walilipenda kwa sababu hiyo na kwa kuwa lilikuwa karibu. Jiwe hilo laini halikuvumilia moshi wa makaa ya mawe. Likavimba, likabambuka, likamenyeka kama ngozi iliyoungua. Karne ya 20 vyuo vililazimika kuvua kuta zao na kuzivisha mawe kutoka mikoa mingine. Kwa hiyo ukuta mzuri unaoupiga picha leo, mara nyingi ni koti jipya. Mwili wa chini umetoka kwenye mashimo ya Quarry.

Na waliochimba? Hawakusoma humo. Walipanda na kushuka mlima na mikokoteni. Timbo lilipopungua nguvu wakageukia kufinyanga na kuchoma matofali, kwa kuwa udongo ulifaa. Wake zao walifua nguo za watu wa mjini, wanavyuo wakiwemo. Mwanahistoria Raphael Samuel alikaa na wazee wa Quarry akakusanya masimulizi yao: kazi za msimu, ufugaji wa nguruwe, kutega sungura usiku kwenye mashamba ya matajiri. Ninamheshimu kwa hilo. Katika mji wenye maktaba kubwa namna ile, alipanda mlima kuuliza wafuaji nguo.

Siku ya Krismasi mabasi hayatembei, na kimya chake kinatisha kidogo ukizoea Krismasi ya kwetu. Kesho yake, tarehe 26, dadangu alikuwa na mapumziko. Akaniambia tuvae tuteremke Quarry, kuna ngoma.

Tukakuta watu wamejaa njiani mbele ya baa, watoto wamebebwa mabegani. Kisha nikasikia njuga kabla sijawaona wenyewe. Njuga, mwenzangu! Wanaume waliovaa nguo nyeupe, njuga zimefungwa kwenye miundi, vitambaa vyeupe mikononi, sita sita wakitazamana, wanaruka na kukanyaga kwa pamoja. Mpigaji ana kinanda kidogo cha kuvuta na kubana, jamaa ya akodiani. Mimi nimekulia kwenye ngoma za Wamijikenda. Mguu uliofungwa njuga naujua, najua anayecheza ameanza kuchoka pale sauti inapochelewa kidogo nyuma ya wenzake. Nikajikuta nawasahihisha moyoni kama mzee wa kijijini kwetu.

Ngoma hiyo inaitwa morris, na siku yenyewe ina kumbukumbu yake. Tarehe 26 Desemba 1899 mwalimu wa muziki kutoka London, Cecil Sharp, alikuwa mgeni kwa mama mkwe wake, kwenye nyumba iitwayo Sandfield Cottage, hapo hapo Headington. Akachungulia nje akaona wachezaji wa Quarry wamefika mlangoni. Mpigaji alikuwa kijana mwashi, William Kimber. Wakaomba radhi kwa kucheza nje ya msimu, maana ngoma ile ni ya Pentekoste. Baridi ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi, hawakuwa na kipato, wakatoka kutafuta senti kidogo kwa kucheza. Sharp akamwomba Kimber arudi kesho yake, akaandika nyimbo zake, na kutokana na hapo akawa mkusanyaji mkubwa wa ngoma na nyimbo za wakulima na vibarua wa Uingereza.

Jambo hilo nimelifikiria sana. Ngoma ambayo leo Waingereza wengi wanaijua kama urithi wao ilifika kwa mwenye kalamu kwa sababu waashi walikuwa na njaa. Kwetu pia wazee wanaocheza hotelini mbele ya watalii tunawatazama kwa huruma, wengine kwa dharau, tunasema utamaduni umeuzwa. Nami nimewahi kusema hivyo. Tangu siku ile Quarry nimeacha. Kimber alichezea senti na ngoma haikufa. Aliendelea kuipiga na kuifundisha hadi uzeeni.

Alizikwa mwaka 1961 katika uwanja wa kanisa la Holy Trinity, Quarry, na kwenye kaburi lake kumechongwa njuga na kile kinanda chake. Nenda ulitazame. Wageni wachache wanaofika hapo hulipita wakitafuta kaburi jingine, la C. S. Lewis, mwandishi wa hadithi za Narnia, aliyeishi jirani tangu mwaka 1930 hadi alipofariki tarehe 22 Novemba 1963. Nyumba yake inaitwa The Kilns, matanuri, kwa sababu ilijengwa kwenye eneo lililokuwa la kuchomea matofali, na bwawa lililo karibu nayo ni shimo la udongo lililojaa maji. Msomi na mwashi wamelazwa kwenye uwanja mmoja mdogo. Nilisimama kwa Lewis dakika moja, kwa Kimber nikakaa.

Sasa niseme la mwisho, ambalo kwangu ni la kwanza.

Mlima huu una majengo ya utafiti wa tiba, jirani na hospitali ya Churchill. Humo imo Taasisi ya Jenner ya Chuo Kikuu cha Oxford, iliyobuni chanjo ya malaria iitwayo R21, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023. Majaribio yake makubwa yalifanyika Burkina Faso, Mali, Bagamoyo na Kilifi. Kilifi kwetu, ambako watafiti wa Kenya na wa Oxford wamefanya kazi pamoja tangu mwaka 1989. Watoto wetu walichomwa sindano, mama zao wakasubiri kwenye mabenchi, wakaulizwa kila homa iliyokuja na kila usiku uliokuwa mbaya. Chanjo hiyo ni ya Headington kama ilivyo ya Kilifi, na ningependa siku moja kuona jambo hilo limeandikwa ukutani hapo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, pamoja na majina ya vijiji.

Siku moja kabla ya kuondoka nilimsindikiza dadangu kazini, alfajiri, bado giza. Kwenye kituo cha basi walikuwa wauguzi wa Kifilipino, wa Kihindi, wa Kinaijeria, mfagizi mmoja akizungumza Kireno kwenye simu. Saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi mlima wote ulikuwa macho, na kule chini vyuo vilikuwa vimelala. Alipoingia zamu nikatembea mpaka kwenye jengo hilo la utafiti. Halina kuba wala mnara. Nikalipiga picha hivyo hivyo, taa chache zikiwaka madirishani.

Niliporudi Kilifi nilimpelekea jirani yetu, ambaye mwanawe alikuwa kwenye majaribio. Alishika simu muda mrefu, akaikuza picha kwa vidole, akatafuta mlango.

"Ndiyo hapo?"

"Ndiyo hapo, mama."

Akamwita mtoto aje aone.