Sayansi ya utambuzi kama shahada ya kwanza: upana na gharama yake

Kijana wa Uganda anayemaliza kidato cha sita na kutaka kusomea sayansi ya utambuzi, yaani elimu inayochunguza akili kwa kuunganisha saikolojia, isimu, falsafa, kompyuta, anthropolojia na elimu ya ubongo, huulizwa kwanza atapata kazi gani. Mzazi anayelipa karo ana haki ya kuuliza hivyo. Lakini liko swali linalotangulia hilo: je, taaluma hii inafaa kufundishwa mtu ambaye bado hajashika msingi wa taaluma nyingine yoyote?

Wanaoitetea hawatetei kitu kilichozuka juzi pamoja na gumzo la akili bandia. Mwanasaikolojia George Miller aliitaja Septemba 11, 1956, siku ya kongamano lililofanyika katika chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani, kuwa ndiyo siku taaluma hiyo ilipozaliwa. Huko Marekani, Chuo cha Vassar kilianza kuitolea shahada ya kwanza mwaka 1982, na Chuo Kikuu cha California, San Diego, kikaiundia idara yake mwaka 1986. Hata hivyo, mwaka 2019 Rafael Núñez, mhadhiri wa idara hiyohiyo ya San Diego, aliandika pamoja na wenzake kwamba muungano uliokusudiwa haukutimia, kwa kuwa saikolojia imetawala na taaluma nyingine zimebaki pembezoni. Hoja inayotoka ndani ya nyumba namna hiyo haipuuzwi kirahisi.

Kwa Uganda, hoja nzito zaidi ya kuiunga mkono iko kwingine. Nchi hii imechangia mengi katika elimu ya akili, ila mara nyingi kama mahali pa kukusanyia data. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwachunguza watoto wachanga na mama zao katika vijiji vya Buganda miaka ya 1954 na 1955, na kitabu alichokitoa mwaka 1967 kikawa nguzo ya nadharia ya uhusiano wa mtoto na mlezi wake. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Mallory Wober alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba Waganda wa vijijini, yaani watu wa Buganda, waliihusisha akili na utulivu na uangalifu, ilhali waliozama katika elimu ya Kimagharibi waliihusisha na wepesi. Ukitafakari, matokeo hayo yanatia shaka kila mtihani wa akili unaopimwa kwa saa mkononi. Mwaka 2010 mtafiti Joseph Henrich na wenzake walikumbusha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika tafiti za saikolojia walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Pengo hilo litazibwa na mtafiti anayeijua Kiacholi au Kilugbara kwa undani, anayeweza kupanga jaribio, na asiyeogopa takwimu. Ni vigumu kumpata mtu huyo iwapo kila idara inafundisha kwa kujifungia.

Nasi tumejifungia mapema mno. Mwanafunzi huchagua masomo yake makuu matatu anapoingia kidato cha tano, na anayechukua historia na fasihi kwa kawaida huagana na hisabati hapo. Mishahara nayo imeukaza mpaka huo: tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada amepangiwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa sanaa akiachwa nyuma sana. Shahada iliyoweka mguu mmoja kila upande itahesabiwa wapi? Matangazo ya ajira serikalini huzitaja shahada kwa majina, na afisa anayepitia maombi hana muda wa kufasiriwa jina geni.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa kuliko jina ni kina. Miaka mitatu iliyogawanywa kwa taaluma sita humwachia mhitimu istilahi nyingi na ujuzi haba: anaweza kueleza jinsi mtandao wa neva bandia, yaani mfumo wa kompyuta unaoiga ubongo, unavyojifunza, lakini hawezi kuuandikia programu. Anayetaka kujenga kifaa cha kutambua sauti ya Kiganda, kazi ambayo watafiti wa Makerere wamekwisha kuianza, atafika mbali zaidi akiwa mwanakompyuta aliyesoma isimu kwa bidii kuliko akiwa mtu aliyeonja vyote.

Kwa hiyo ningemshauri kijana huyo achukue kompyuta, isimu au saikolojia, kisha atafute utafiti wa mwaka wa mwisho unaovuka mpaka, akiwa na msimamizi kutoka upande wa pili. Akichagua saikolojia kwa kukimbia hesabu, na wapo wafanyao hivyo, takwimu zitamkuta hukohuko. Ushauri huu ungebadilika iwapo chuo kimoja nchini kingeanzisha programu inayolazimisha hisabati na isimu tangu mwaka wa kwanza, yenye maabara ya kupima uelewa kwa lugha ambazo watoto wetu huanza nazo shule.