Macalder Si Mahame

Neno "mahame" lililetwa na rafiki yetu mmoja. Tulikuwa tumekaa Dunga, hapa Kisumu, tukila samaki, akasema: mwisho wa mwezi twendeni Macalder tukaone mahame ya wazungu. Mgodi uliofungwa zamani, majengo yamebaki kuta, na njia mbovu ya kutosha kuyapima magari yetu. Tulikubali papo hapo. Mimi mwenyewe nililirudia neno hilo kwa kila aliyeniuliza naenda wapi. Leo nalikataa.

Hadi Migori safari haina mengi: Ahero, Sondu, Oyugis, Kisii, Rongo, halafu miwa ya Awendo. Baada ya Migori tukashika upande wa Nyatike, na kadiri tulivyoteremka kuelekea ziwani joto likazidi, miti ikawa ya miiba, mbuzi wakawa wengi kuliko ng'ombe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tuliiacha barabara kubwa kwa kusudi, na kwenye bonde la kwanza udongo mweusi ukalimeza gari la mbele hadi ekseli. Tulichimba, tukatandika matawi, tukavuta kwa kamba, wapi! Waliotutoa ni vijana wanne waliokuwa wakitoka zamu ya usiku, wamejaa vumbi la mawe hadi kwenye kope. Walisukuma mara mbili tu. Hapo ndipo neno letu lilipoanza kunikera, maana mahame hayana zamu ya usiku.

Macalder palichimbwa shaba, na dhahabu pamoja nayo, wakati wa ukoloni. Mgodi ukafungwa mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru. Wenye mgodi walipoondoka waliacha vilima vya mchanga uliokwisha kusagwa, na ndani ya mchanga huo ikabaki dhahabu ambayo mitambo ya siku zile haikuweza kuinasa. Watu wa pale wanauosha upya mchanga huo, na wengine wanachimba mashimo yao wenyewe kandokando. Mgeni anaona ukiwa kwa sababu ardhi ina rangi ya kutu na majani hayaoti. Mawe ya shaba yenye salfa nyingi yakipata hewa na maji hutoa tindikali, na tindikali hiyo haijali kwamba kampuni ilikwisha funga hesabu zake.

Mwenzetu mmoja alitaka kupandisha gari juu ya kilima kimoja ili apige picha. Mzee aliyekuwa ameketi kivulini akainuka, akanyoosha mkono. "Wanangu, hapo chini ni patupu. Vijana wamechimba." Tulizima injini tukaenda kumsalimu ipasavyo, jambo tulilopaswa kulifanya tangu tulipofika. Nawaomba wenzangu wote wanaopenda njia za matope walizingatie hili: usiendeshe gari juu ya mabaki ya mgodi, na usishuke gari kabla ya kuuliza mashimo yako wapi. Mengi yamefunikwa na vichaka, hayana ua wala kibao.

Mzee ndiye aliyetupeleka kwa akina mama wanaoosha. Hapo nilisimama muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mama mmoja alikuwa na karai lenye mchanga mweusi mzito uliobaki baada ya kuosha. Akadondoshea zebaki kutoka kwenye kichupa, akaanza kukanda kwa mikono mitupu kama anayekanda unga. Zebaki ikazishika chembe za dhahabu, akaikamua kwenye kitambaa, ikabaki punje ya rangi ya fedha. Punje ile akaiweka kwenye kifuniko cha mkebe juu ya makaa. Mvuke wa zebaki hauonekani. Mtoto wake alikuwa amechuchumaa upande ule upepo ulikoupeleka mvuke. Kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama, na hicho ndicho karo na unga wa juma hilo.

Sina neno la kumlaumu. Zebaki huharibu mishipa ya fahamu, na humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Ikishaingia majini hugeuka na kukusanyika ndani ya samaki, na samaki wanaokula samaki wenzao, kama mbuta, ndio huibeba zaidi. Mto Migori unaingia Kuja, na Kuja unaingia ziwa hilihili tunalolitazama tukiwa Dunga. Kwa hiyo jambo la yule mama ni letu pia, sisi wa Kisumu tunaoagiza mbuta bila kuwaza.

Usiku, tukiota moto, rafiki yetu wa Kakamega alitukumbusha ya kwao. Dhahabu ilipoonekana kule mwaka 1931, wazungu walimiminika. Sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ingebaki yao daima. Desemba 1932 sheria hiyo ikabadilishwa ili ardhi ichukuliwe kwa ajili ya migodi. Mgodi wa Rosterman nao ukafungwa miaka ya hamsini. Siku hizi tuna Sheria ya Madini ya 2016, inayowatambua wachimbaji wadogo na kuitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha, yaani malipo anayotoa mwenye mgodi kwa madini anayochimba, kaunti 20, serikali kuu 70. Mimi naona kazi ya kwanza ya fedha za madini nchini iwe kuzungushia ua mashimo ya zamani na kuwapa wachimbaji chombo cha kunasa mvuke wa zebaki. Kenya imeuridhia Mkataba wa Minamata, unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe. Chombo chenyewe si cha ajabu: ni bomba la chuma lililofungwa, lenye mrija unaopoza mvuke ukarudi kuwa zebaki. Mama anailinda afya yake na pia anaokoa zebaki aliyoinunua kwa pesa.

Nilimuuliza yule mama kama angekitumia akikipata. Akanitazama, akasema, "Kilete, mwanangu, nikione."

Jumatatu nilikwenda kwa mafundi wa jua kali, Kibuye, na mchoro wangu. Fundi aliugeuzageuza, akauliza mrija uwe na urefu gani na kifuniko kikaze kwa nati ngapi. Tumeanza na viwili. Amesema vitakuwa tayari Ijumaa, na tayari magari yote mawili yamepata wa kuyaendesha.